Kahawa Aliyoinywa Naftali

Dada yangu Rasmiya, mama wa marehemu Qusai,

Amani ya Mungu ikushukie wewe na wote mnaolala chini ya dari moja huko Amman. Sisi huku ni wazima, Mungu hatumdai. Goti la mke wangu Nawal limepungua uvimbe, na mwanangu Sanad amejaliwa mtoto wa pili, wa kike. Mizeituni ilizaa vizuri, ila theluthi mbili ya shamba askari hawakuturuhusu kufika, kwa hiyo tulichuma kidogo, kama ndege wachache, na iliyobaki wakala ndege wengi. Na wewe, hali ya kifua? Dawa unaimeza, au unaificha chini ya mto kama alivyokuwa akifanya mama?

Umeniuliza mara mbili, na mara ya pili hata salamu hukuweka, kwa nini wakili hajakuletea karatasi za kutia saini ili kesi ya kuuawa kwa mwanao ifike kwenye mahakama ya Waisraeli. Una haki ya kunikasirikia. Nitakujibu, ila vumilia, maana jibu lenyewe lina mkia.

Unakumbuka nilivyoanza: msumeno mmoja wa kukatia mawe, mkweche, na deni la baba. Leo nina misumeno sita. Wafanyakazi walikuwa thelathini na mmoja, vita vikawapunguza hadi kumi na wawili. Katika kila mawe manne, matatu yalikwenda upande wa pili kwa Naftali Harush, yule mjenzi wa Beer Sheva ambaye mama yake alitoka Morocco. Miaka kumi na tisa hatukuandikiana mkataba. Wapo walionisimanga hapa mjini kwamba nawajengea wanaotubomolea. Niliwajibu kwamba nyumba zile zitajengwa hata nikilala njaa, basi heri zijengwe nami nimeshiba. Sijivunii jibu hilo, lakini limesomesha watoto watano, na wako akiwemo.

Walichokitangaza askari kuhusu geti la manjano la kizuizi chao, walipompigia risasi, unakijua: kwamba Qusai aliwaendea askari kwa kasi ili awagonge. Nilikwenda kulitazama gari. Matundu kumi na moja, yote kwenye kioo cha mbele. Wakili akaniambia hesabu yangu haina faida, kwani gari linalokuja na gari linalorudi nyuma yote yanakutazama usoni. Tulihitaji mtu aliyekuwapo.

Baada ya mavuno Naftali akaja. Sheria yao inamkataza kuvuka lile bango jekundu linalowazuia Waisraeli wasiingie mjini kwetu, akajikunyata ndani ya lori langu. Jirani yetu Haji Dhiab alipomwona anashuka akapaza sauti, “We Abu Sanad! Lori lilitoka na mawe, limerudi na Myahudi! Ndiyo chenji hiyo?” Watu wakacheka kicheko cha meno tu. Naftali naye akamjibu kwa Kiarabu chake cha Morocco kwamba chenji ni pungufu, angekuja mzima ila mgongo ameuacha njiani.

Nawal alileta kahawa chungu. Mzee akaipokea, akaiweka mezani, asiiguse. Dada, nilielewa mara moja. Hata mtoto wa kwetu anajua maana yake: mgeni ana ombi, na hatakunywa mpaka akubaliwe. Kwetu anayeomba suluhu ya damu huja na wazee hamsini wenye vilemba. Huyu alikuja na dereva wangu mwenyewe.

Nikawatoa watu, nikabaki na Nawal. Akasema askari aliyefyatua risasi ni Yotam, mjukuu wake. Kijana alikuwa amemwambia jikoni, akilia. Naftali aliomba tusimshitaki. Naye angemleta mbele ya wazee wetu, aseme kwa kinywa chake alichokifanya, kisha tupeane mikono kama desturi inavyotaka.

Nilipiga hesabu zangu, ndiyo tabia yangu. Mahakama yao haijamfunga hata askari mmoja kwa ajili ya mtu wa mji huu. Na hapa kulikuwa na mtu mmoja, wa kwanza, aliyekuwa tayari kusema. Nikamwita kwa jina la mwanawe, kama tunavyoheshimiana, “Kunywa kahawa yako, Abu Yosi.” Akanywa.

Sikukuuliza, dada. Nilitoa haki ya mama kama natoa tofali.

Nilipomweleza Haji Dhiab, hakucheka tena. Alisema, “Suluhu ni ya ukoo na ukoo. Huyo kijana nyuma yake kuna jeshi. Akivunja neno, nani mdhamini? Utamshika nani shati?” Wazee wa kamati ya mji nao wakasema nimeuza damu. Na kule kwao Yotam alishauriwa kwamba akikiri mbele yetu atafungwa na wa kwao, na mwanawe Naftali akamtimua baba yake nyumbani, akimwita msaliti wa damu yake. Wiki iliyopita mzee alinipigia simu. Alisema maneno matatu tu: “Wasfi, kijana haji.” 

Kwa hiyo nimebaki na neno langu, na yeye hana lake. Mjini hapa neno lililonywewa kahawa halirudi. Ndiyo maana wakili ananisubiri mimi, nami nimekuwa nikijificha nyuma ya kelele za misumeno.

Lakini kahawa ile niliitoa mimi, hukuitoa wewe. Siwezi kukuomba utie saini, na sina uso wa kukuomba usitie. Wakisema Wasfi si mwanamume wa neno, waache waseme. Karatasi ziko ndani ya bahasha hii. Na hiki ndicho alichokisema Yotam jikoni, kama Naftali alivyonisimulia, nakuandikia wewe kwanza kabla ya wakili: Qusai aliliona geti limefungwa, akainua mkono kuomba radhi, akaanza kurudi nyuma. Alikuwa anarudi nyuma, Rasmiya.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote, yule mdogo mbusu kichwani. Nawal anakusalimu, ingawa hanisemeshi mimi.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Wasfi