Vyura wa Chiriku na Joto la Mwaka Huu

Nyumba ya Nyuma ya Karakana,
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu kutoka kwetu sote. Vidole vyako vinaendeleaje na ile baridi? Mara ya mwisho ulisema ngozi inapasuka kwa kuosha na kuvaa glavu siku nzima, huko unakohudumia wazee. Paka mafuta kabla ya kulala halafu vaa soksi mikononi. Mama ndiye anayesema, mimi naandika tu. Na yule bibi aliyekuwa akikuita kwa jina la binti yake, bado yupo?

Sisi hatujambo, kwa kiasi chetu. Goti la Mama limepungua uvimbe, sasa anapanda ngazi za nje bila kushika ukuta. Mimi niko palepale gazetini, na wiki hizi hawanipi kitu kingine cha kuandika ila joto. Joto la mwaka huu halina adabu. Bati linalia mchana kutwa, na lami mbele ya karakana imelainika mpaka inang'ang'ania viatu.

Nimechagua barua kuliko simu kwa sababu habari niliyo nayo haifai kukukuta uko kazini. Kama umesimama, kaa. Vyura wawili wa Chiriku wamekufa. Ni Mjomba na Kidosho. Wa tatu, Mwenyekiti, yuko hai.

Najua ulivyomwachia Baba lile tangi la kioo, miezi michache baada ya kumzika mwanao Chiriku. Ulisema hutaki kuwaona na hutaki wafe. Hatukukuuliza maana yake. Baba alilibeba tangi kifuani mpaka chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Nataka ujue kwanza jinsi alivyowatunza. Joto lilipoanza aliwahamishia bafuni, sakafuni, ambako jua halifiki. Alifunika tangi kwa kitambaa kilicholowa na kukielekezea feni. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili dawa itoke, kama Chiriku alivyomfundisha. Chupa za maji aliyogandisha alizifunga kwa taulo na kuziegemeza kwenye kioo kwa nje, zisiingie ndani kamwe. Mama alipitia mlangoni akamkuta anawapepea kwa kipande cha boksi.

"Mimi umenioa miaka yote hii," akamwambia, "sijapepewa hata na mfuniko wa sufuria."

"Wewe una miguu ya kwenda kivulini," Baba akamjibu, akaendelea kupepea.

Jumanne umeme ulikatika asubuhi na haukurudi. Baba alikuwa karakana, anatengeneza jokofu la zahanati lenye dawa na hakuweza kuliacha. Aliporudi alasiri bafu lilikuwa limekuwa tanuri. Kitambaa kimekauka, chupa zimeyeyuka, na vyura wamelala miguu imetawanyika, hawashtuki hata akigonga kioo.

Unamjua Baba. Mtaa mzima unamwita Fundi Barafu. Kwake kitu kikipata joto kinapoozwa, na kikipoozwa upesi ndiyo kazi safi. Dawa za zahanati amewahi kuziokoa hivyo, samaki wa wateja amewaokoa hivyo. Alikimbia karakana, akarudi na ndoo ya barafu iliyopondwa, akaimimina yote ndani ya tangi.

Mimi nilifika muda si mrefu baadaye. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, vifungo vya shati viko wazi, amewalaza Mjomba na Kidosho kifuani anawapasha joto kwa mwili wake. Maji yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye suruali.

"Wanarudi," akaniambia. "Huyu amesogeza mguu."

Hakuna aliyekuwa amesogeza mguu. Nilikaa naye mpaka akakubali mwenyewe. Mwenyekiti alipona kwa sababu alikuwa amejibanza chini ya kile kigae cha chungu, na barafu ilimfikia kidogo kidogo.

Kesho yake nilimuuliza daktari wa mifugo. Alisema chura hana joto lake mwenyewe, anafuata la maji aliyomo, na akitupwa kutoka motoni mpaka kwenye barafu kwa ghafla moyo unasimama. Alisema pia kwamba kwa joto la siku ile huenda wangekufa hata wasingeguswa; hana njia ya kujua. Nilimpelekea Baba maneno yote mawili. Alichukua lile la kwanza, la pili akaniachia.

Amewazika uani peke yake. Yule mshonaji jirani yetu alipita ukutani akidhani anamfariji. "Mzee wangu, usijitese. Mvua zikianza wamejaa hapo mtaroni, nitakuokotea wawili wanene."

Baba alimtazama kwa upole kabisa. "Hao wa mtaroni walimjua mjukuu wangu?"

Mshonaji wa watu akarudi kwenye cherehani yake analia.

Simu zako zisizopokelewa si matatizo ya mtandao. Baba ndiye hataki kuishika. Mwanzo aliniomba nikuandikie kwamba wamekufa kwa uzee. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Basi andika ilivyo. Ila mimi usinisogeze karibu na simu. Alinikabidhi kitu kimoja tu."

Sasa anataka Mwenyekiti aondoke nyumbani. Anasema mikono yake haiaminiki. Daktari wa mifugo amekubali kumchukua na atakuja Jumamosi. Baba ameshaosha tangi dogo la safari. Nimejaribu kumzuia, lakini neno langu halitoshi, kwa sababu chura si wangu. Ni wako. Ndiyo maana nimempa barua hii mwenzangu wa gazetini anayesafiri kesho kuja huko, ikufikie mapema.

Ukiamua Mwenyekiti aende, ataenda, na hakuna atakayekulaumu. Lakini nimemwona Baba asubuhi hizi, na ninakueleza nilichokiona: anaamka, anamtafutia panzi, anarudi kukaa sakafuni mbele ya kioo. Hicho kikiondoka sijui ataamkia nini. Sijui pia kama unaweza kumsamehe. Sikuombi hilo.

Naomba umpigie kabla ya Jumamosi kwa simu ya Mama. Nitaishika mimi sikioni kwake. Usimwambie hakukosea, atajua unambembeleza. Muulize Mwenyekiti amekula nini leo. Hilo atalijibu.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Mshonaji naye anakusalimu, bado anaona haya kwa yale aliyosema. Baba hajatuma salamu, na sitakutungia. Ila tangu nianze kuandika amekaa hapo mlangoni, na hajaniuliza naandika nini.

Mungu akushike mkono popote ulipo, akupe usingizi.

Ni mimi nikupendaye, hata nikikuletea habari kama hii,
Kaka yako.