Shanga za Miezi Iliyopita

Régine, binti yangu, unaikumbuka ile kalandari ya parokia yenye maua, uliyokimbia nayo siku mabomu yalipoanguka mutaani? Siye tulibeba sufuria na godoro. Weye ulibeba kalandari.

Ni mwaka mmoja sasa tangu homa ikutoe mikononi mwetu, hapa kambini Bunia, mwezi wa sita. Na mimi mama yako bado nashangaa.

Jemima, mutoto wa kaka yako, hakuwa na shule wala kitu cha kuchezea. Ukamuonyesha kukata karatasi vipande vyembamba, kuvizungusha kwenye mujiti wa fagio, kuvibandika kwa bugali kidogo. Ushanga! Uzi muliufumua kwenye gunia la musaada. Ila sheria yako ilikuwa moja: "Kata miezi iliyopita tu, Jemima. Ya mbele usiiguse, tutaiishi."

Mukufu wake wa kwanza ulikuwa umepinda, shanga nene zote upande mumoja. Ukauvaa misani hivyo hivyo. Jirani yetu Brigitte akacheka: "Régine, hiyo kamba ya mbuzi umeitoa wapi?"

"Mbuzi gani anapendeza hivi? Subiri, utapanga mustari kwa fundi wangu."

Jemima alisikia. Niliona shingo yake ikirefuka! Tangu siku ile vidole vyake havikutulia, na Brigitte kweli alipanga mustari.

Tulipokuogesha, ule mukufu uliopinda ulikuwa shingoni mwako. Akina mama wakauliza, tuuvue, mutoto abaki nao? Jemima akakimbilia nje. Tukakuzika nao. Tangu hapo hakugusa tena uzi, na ule mwezi wa sita wa kalandari ukabaki umening'inia hemani, muzima. Niliogopa kipaji chake tumekizika pamoja na weye.

Juzi nimemukuta ameketi chini, ameukata mwezi wa sita. Shanga ndogo, sawasawa kama mbegu za ulezi, ua jekundu limejikunja ndani ya kila moja. Mikono ile ile midogo! Nimezaa, nimelea, nimezeeka, sijaona kitu kama hicho.

Tusioacha kukukumbuka ni mimi mama yako Alphonsine, kaka yako Floribert, muke wake Clémence, na Jemima, mujukuu wangu anayeniita Koko, ambaye amenivisha mukufu huo nikiandika haya. Nimemuuliza hatimaye: "Ule wa kwanza, ulitaka tuuvue, ubaki nao?"

"Hapana, Koko. Nilitaka tantine Régine aende nao. Nilikimbia kwa sababu niliogopa mutamuvua."