Shati la Bwana Rangi

Chumba cha juu,
Nyuma ya mtaa wa vitambaa.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kidege, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua yenyewe si fupi. Hujambo mwanangu? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mgongo wa baba yako unaendeleaje? Na wifi yangu, bado anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, nashona. Moyo ndio haujakaa sawa.

Umeniuliza kwa nini siku ya mazishi ya babu yako maduka hayakushusha milango. Umesema kwenye picha niliyokutumia jeneza linapita na watu wanaendelea kupima vitambaa, kana kwamba ni mkokoteni wa mkaa unaopita. Baba yako amekataa kukueleza. Simlaumu. Nitakueleza mimi, maana wewe umezaliwa huko na mambo yetu huyajui.

Sisi ni watu wa maduka. Kwetu mtu hupimwa kwa mlango. Mwenye duka la milango miwili hukaa benchi la mbele katika ukumbi wa wafanyabiashara, mwenye mlango mmoja hukaa la kati, na anayeuza mezani hukaa la nyuma, karibu na viatu vilivyovuliwa mlangoni. Ukija kuposwa, hawaulizi tabia yako wala elimu yako. Wanauliza baba yako anakaa benchi gani. Mkubwa akikusalimu anakupa vidole vitatu, mkono mzima anauweka kwa mtu wa benchi lake. Mtu wetu habebi kitu barabarani, hata mkate mmoja, humwita mpagazi. Nilipokuwa mdogo nilidhani wenye maduka hawana mikono.

Aibu kubwa kuliko zote ni kazi ya mikono. Sisi tunauza vitambaa. Wanaovishona tunawaita watu wa sindano, kwa sauti ile ile mtu anayotumia kutaja mende.

Na iko heshima ya mwisho. Mwenye duka akifa, jeneza lake hupitishwa mtaani, na kila duka hushusha mlango nusu mpaka lipite. Babu yako aliwashushia wenzake kwa miaka arobaini, hata yule wa vyombo ambaye walikuwa hawasemeshani.

Yeye alikaa benchi la mbele. Walimwita Bwana Rangi kwa sababu alijua weusi wa aina saba kwa kuutazama tu. Kisha macho yakamsaliti. Alificha. Siku moja akamuuzia mama mmoja kitambaa cha harusi ya bintiye, akaapa ni cheupe, kumbe kilikuwa kijani kilichopauka. Yule mama alikirudisha mbele ya wateja. Hakupiga kelele. Alimhurumia, na hilo ndilo lililomvunja baba. Mwezi haukuisha akafunga duka.

Kwa desturi yetu, aliyefunga duka kwa heshima hubaki na benchi lake, mradi nyumba yake isiingize kazi ya mikono. Lakini nyumba inataka kula, Kidege. Nikanunua cherehani, nikaiweka stoo nyuma ya magunia, nikawa nashona sare za shule za fundi mmoja wa mtaa wa mbali. Nilifungua redio kwa sauti ili majirani wasisikie. Baba alipouliza ule mlio ni wa nini, nilimwambia ni pampu ya maji ya jirani.

"Jirani huyu ana kiu," akasema.

Miaka sita nilimdanganya hivyo. Au nilidhani namdanganya. Asubuhi moja mwezi wa nne alikuja stoo akipapasa ukuta. Nikasimamisha mashine.

"Endelea," akasema. "Pampu ikizimwa tutakosa maji."

Akakaa juu ya gunia, akanyoosha mkono, nikampa kola niliyokuwa naishona. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akarudia tena na tena.

"Umenyooka," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe, Baba. Nisamehe."

Akanirudishia kola. "Miaka arobaini nimeuza vitambaa," akasema, "na sijawahi kujiuliza vinakuwa nini vikishatoka dukani. Nishonee shati."

Nikamshonea la buluu. Siku ya mkutano akalivaa, nikamshika mkono hadi ukumbini, nikabaki mlangoni kama impasavyo binti. Mwenyekiti, yule muuza saa, akamsifia: "Bwana Rangi, shati hili si la kununua. Fundi wako nani?"

Angeweza kutaja mtu yeyote.

"Binti yangu," akasema. "Ameshona kwa mikono yake, na mikono hiyo inanilisha mwaka wa sita huu."

 Mwenyekiti akashusha pumzi. "Umesema mwenyewe, mzee mwenzangu. Desturi unaijua."

"Naijua. Mwaka wa mafuriko nilimwambia muuza vioo maneno hayo hayo."

Akasimama, akaanza kupapasa kwenda nyuma. Hakuna aliyemshika mkono. Hata wauza mezani hawakusogea kumpa nafasi. Kila mmoja aliogopa macho ya mwenyekiti. Baba alisimama karibu na viatu mpaka mkutano ukaisha. Tukirudi nilimshika mkono. Nikamuuliza kwa nini hakudanganya. Akasema amechoka kuwa na mtoto wa kufichwa.

Baada ya hapo hakuna aliyetupigia hodi. Tuliitoa cherehani stoo, tukaiweka sebuleni dirishani. Nilimfundisha kushona vifungo kwa kugusa, na alikuwa mkali wa vifungo kama alivyokuwa mkali wa rangi. Homa ya mapafu ikamkuta wiki ya tano. Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimpigia magoti, Kidege, sitakuficha. Akasema jeneza na lipite, barabara ni ya wote, lakini milango haitashuka. Walimbeba wapagazi wanne na mafundi wawili. Nilitazama duka moja baada ya jingine mpaka mwisho wa mtaa. Hakuna lililoshusha mlango hata shibiri. Watu wa huko wangetaka niseme sikujali. Nilijali. Nimelelewa humu humu, na kila mlango ulionichoma naukumbuka.

Sasa liko neno kwa baba yako. Msomee polepole. Miaka yote tulisema ukumbini kwamba ana duka la milango mitatu huko aliko. Yeye aliandika hivyo, na mimi nilimsomea Baba kwa sauti, nikijua. Jumapili ile, siku mbili kabla, Baba aliniambia bila kuinua kichwa, "Kaka yako anaendesha lori, siyo?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema barua za mwenye duka hazinuki dizeli.

Hakukasirika. Alitaka kujua lina magurudumu mangapi, linabeba nini, na kama anapanda milima. Sikuwa na majibu. Akasema, "Mwandikie leo." Nikasema kesho, nina sare za kumaliza. Kesho yake nayo nilikuwa na sare.

Msalimie wifi yangu, na wadogo zako wawili, na yule bibi wa jirani anayekufundisha kuoka mikate. Mungu awafunike kwa mkono wake, barabara za baba yako ziwe nyeupe, na kifua chako kisikusumbue tena.

Na umwambie baba yako aniandikie lile lori lina magurudumu mangapi. Najua nimechelewa. Naomba aniandikie tu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Fundi wa dirishani