Karatasi ya Babu Ukutani

Tassia, Jumapili 13 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na goti limetulia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila mvua imeanza na nguo hazikauki. Najua ujumbe wa simu usio na tarehe wala salamu huusomi, kwa hivyo zote nimeziweka. Tangu mashine za zege ziharibu masikio yako, mimi nimerudishwa shule ya kuandika barua, na mwalimu mwenyewe ni mkali.

Habari kubwa ni kwamba Aqil ametembea. Ijumaa, akiwa na miezi kumi na mmoja na siku nne, aliachia mlango wa chumbani akaenda hatua sita mpaka jikoni, akashika mtungi wa gesi, akatucheka. Imran alitokwa na machozi, usimwambie nimekuambia. Kuna jambo moja linatuchekesha. Kila akitembea huelekea jikoni. Ukimgeuza aje sebuleni, anapiga hatua moja tu kisha anakaa kitako, kama mtu aliyeambiwa apande mlima.

Jana tuliwapeleka watoto machinjioni Kiamaiko waone kazi ya baba yao. Sundus alihesabu mbuzi mpaka thelathini na tisa, akaruka arobaini, akaendelea. Akamwomba babake asimchinje yule mwenye miguu myeupe, na Imran akaapa, maskini, mbele ya wateja.

Nimeanza pia kumpima Sundus ukutani kama ulivyotupima sisi utotoni Jericho, alama ya penseli kila mwezi, kando ya mlango wa jikoni. Pana ufa mwembamba hapo, yeye anauita mto.

Wajukuu wanakusalimu.

Binti yako,
Ummulkheir


Tudor, Mombasa, Jumanne 15 Aprili

Mwanangu Ummu,

Waaleikum salaam. Goti ni lilelile, sisi wawili tumezoeana. Nimefurahi mno kwa Aqil. Mwambie babu yake alichelewa kutembea na bado alifika.

Sasa nisaidie jambo. Sundus ana gololi? Iweke katikati ya sebule, usiisukume, iachie tu. Uniambie inakwenda wapi. Uniambie pia mko ghorofa ya ngapi, juu yenu kuna ghorofa ngapi, na huo mto wa Sundus umesimama wima au umelala mshazari. Ukucha wako unaingia?

Usione naharibu furaha. Mimi nimekula mshahara wa baraza la jiji miaka ishirini na minane nikitazama kuta, siwezi kusoma barua yenye ukuta nikaruka hapo.

Babako


Tassia, Jumapili 20 Aprili

Kwa Baba,

Assalaam aleikum. Tu wazima wote. Aqil ana mafua kidogo, nimempaka dawa ya Robb kifuani.

Gololi inakwenda jikoni, Baba. Nilipoiachia ilisimama kidogo, ikafikiri, ikaenda zake. Watoto wameufanya mchezo. Adoyo, mtoto wa jirani yangu Awuor, huja na gololi zake na wanashindana ipi itafika mapema. Sundus na Adoyo ni chanda na pete, darasa moja na dawati moja, na kulala tu ndiko kunakowatenganisha.

Sisi tuko ghorofa ya tatu. Tulipohamia zilikuwa tano, sasa wanajenga ya saba. Ufa umelala mshazari, ukucha unaingia. Umepita katikati ya alama ya Sundus ya Januari, na nusu moja ya alama iko chini ya nyingine. Anajivuna kwamba amekua na kupungua mwezi mmoja.

Nilimwuliza Mativo, mlinzi wetu wa nyumba, akaniambia, "Mama Sundus, hiyo ni plasta tu inajipanga. Nyumba mpya lazima ikae, si hata wewe ukichoka unakaa?" Mlango wa jikoni umekuwa ukikwaruza sakafu tangu Idd, na ameshaupiga randa mara mbili.

Leo tulikwenda Jericho nikawaonyesha nyumba tuliyokulia. Sundus aliuliza ngazi ziko wapi. Nikamwambia hapa watu huingia ndani moja kwa moja. Akaona ni uzembe.

Binti yako,
Ummu


Tudor, Alhamisi 24 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mafua ya Aqil yaishe. Kesho chukua kifurushi kwenye ofisi ya basi, kimeandikwa jina lako.

Ndani utakuta vipande vitatu vya karatasi. Nimevikata mwenyewe kwa rula kutoka mfuko wa saruji, ile karatasi ya kahawia isiyo na mistari. Chukua kimoja, pika gundi ya unga, ukibandike kukatiza ufa, kisha andika tarehe juu yake kwa kalamu. Baada ya hapo asikiguse mtu. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Karatasi haivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa uzi, inachanika. Ikichanika utabeba watoto, hutabeba vyombo.

Nitakuambia jambo ambalo mama yako alikufa akilijua peke yake. Mwaka mmoja nilibandika karatasi kwenye nyumba fulani, nikamwachia mlinzi aitazame. Kila wiki aliniambia nzima, na mimi niliandika nzima, bila kwenda. Mlinzi hakuwa mwongo. Alikuwa akiniambia alichoona nataka kusikia. Ndani walikuwamo watu tisa. Nimezeeka na hao tisa.

Kwa hivyo itazame kwa macho yako.

Babako


Tassia, Ijumaa 2 Mei

Kwa Baba,

Assalaam aleikum, natumai umeamka salama. Nilipoisoma barua yako nilikaa kwanza. Hao tisa nimewaombea, na wewe pia, nami nasikitika uliubeba mzigo huo bila sisi kujua.

Karatasi niliibandika Ijumaa iliyopita, tarehe ishirini na tano, nikaandika tarehe kama ulivyosema. Nilimwonya Sundus: hii ni ya Babu, ole wako uiguse, ikichanika tunahama hapa siku hiyohiyo. Alinitazama kwa macho makubwa, akauliza kama Adoyo naye atahama. Nikasema hapana, Adoyo ana nyumba yake.

Tangu hapo amejifanya askari. Kila asubuhi, mimi nikimwogesha Aqil, anakwenda ukutani na kunipigia kelele, "Nzima, Mama." Kwa hivyo wiki imepita na nzima. Jumatatu Adoyo alilala kwetu, wakaikagua wote wawili. Imran anakutania, anasema mkwe wake anaugulia nyumba iliyoko Tassia akiwa Mombasa.

Sundus sasa anaandika tarakimu zote mwenyewe, ingawa tano na tatu bado zinatazama nyuma. Aqil alipimwa kliniki, kilo kumi na robo. Muuguzi alisema huyu atabeba magunia.

Binti yako,
Ummu


Tudor, Jumanne 6 Mei

Ummu,

Salamu. Kilo kumi na robo ni habari njema. Kuhusu karatasi, nilikuomba uitazame wewe, hukuniambia kama umeitazama. Na mlango je?

Mwambie Imran namsalimu, na kutaniwa sikatai.

Babako


Tassia, Jumamosi 24 Mei, saa nne asubuhi

Kwa Baba,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kimya, watoto walipokezana homa, na nikiri kwamba nilikuwa nimekasirika kidogo. Kila barua yako ni ukuta. Nakuandikia mtoto ametembea, unaniuliza sakafu. Imran amelipa kodi hapa, shule iko mkabala, majirani ni wazuri. Tutahama twende wapi kwa sababu ya gololi?

Na karatasi yako mwenyewe inasema nzima. Wiki nne sasa, mvua yote hii, Sundus hajakosa asubuhi hata moja. Mlango ulikataa kufunga, Mativo akauondoa kabisa, nimetundika leso yangu ya zamani mlangoni na inafunika na ule ufa, hata siuoni.

Leo ni siku ya furaha, tafadhali ifurahie nasi. Sundus ameng'oka jino la kwanza. Tumelitupa juu ya paa la jirani. Nimempiga picha akisimama kwenye alama zake, mwenyewe ndiye aliyeivuta leso kando ili uone alivyorefuka. Tazama hilo pengo.

Binti yako,
Ummu


Tudor, Jumamosi 24 Mei, saa nne na dakika ishirini

Ummu, sina salamu leo.

Nimeikuza picha. Karatasi iliyo ukutani nyuma ya bega la Sundus si yangu. Yangu ilikuwa ya kahawia, haina mistari. Hii ni nyeupe, ina vyumba vidogovidogo vya daftari la hesabu. Tarehe imeandikwa kwa penseli na tano yake inatazama nyuma.

Usimpige mtoto. Usimuulize kwa ukali. Beba Aqil, mshike Sundus mkono, shukeni. Usichukue chochote. Gonga milango ukishuka. Ukishafika barabarani ndiyo uniandikie.

Babako


Jericho, Jumatatu 26 Mei

Kwa Baba,

Assalaam aleikum. Tu hai, alhamdulillahi. Ule ujumbe mfupi wa juzi niliuandika nikiwa barabarani, sasa nakueleza vizuri. Tuko kwa shangazi yake Imran, si mbali na nyumba yetu ya zamani. Aqil anatembea hapa kila upande. Leo asubuhi alitoka chumbani akaenda sebuleni bila kukaa chini, na nililia mpaka shangazi akaniletea maji.

Nilimuuliza Sundus kwa upole, tukiwa tayari barabarani. Alinifungulia mkoba wake wa shule. Katikati ya daftari la hesabu alikuwa ameziweka zote. Ya kwanza ni yako, ya kahawia, imechanika katikati kama imekatwa kwa wembe. Anasema aliikuta hivyo asubuhi ile Adoyo alipoamka kwetu. Nilipokuandikia kwamba nzima, Baba, ilikuwa imechanika siku tatu. Waliogopa tutahama, wakakata nyingine kwenye daftari, wakabandika kwa gundi ya shule na kunakili tarehe yangu. Nayo ikachanika. Kabla ya hiyo ya kwenye picha zimechanika sita.

Mimi ndiye niliyemwambia tutahama. Mimi ndiye niliyemwachia kazi yangu mtoto wa miaka mitano, baada ya wewe kunisimulia yale ya mlinzi. Sijilaumu ili unifariji. Nasema tu ilivyokuwa.

Niligonga milango yote nikishuka. Kwa Awuor niligonga kwa ngumi mbili. Nilimwambia ashuke, Adoyo naye huenda anajua, amuulize. Alikuwa ameloweka nguo, povu mpaka viwikoni. Akasema, "Mama Sundus, si nimalizie hizi kwanza, zitaoza kwa beseni. Jioni nitakuja." Jioni akaniandikia kwamba Mativo amekuja na saruji, ameziba ufa wote na kupaka rangi, ukuta umekuwa mpya, na mwenye nyumba ameahidi fundi leo Jumatatu. Jana nilirudi kumsihi Awuor. Wapangaji wengine walinicheka ngazini. Mmoja aliniita nabii. Nilitoa pia ripoti kituo cha polisi, nikaambiwa mtu atatumwa wiki hii. Ukuta wenyewe niliuona, Baba. Rangi ilikuwa bado mbichi na mstari umeshatokea juu yake.

Awuor alinishika mkono akaniambia atahama mwisho wa mwezi. Adoyo alikuwa mlangoni. Aliuliza Sundus anarudi lini.

Leo sikumpeleka Sundus shule. Ameketi mezani tangu asubuhi na mkasi wa shangazi. Amekata vipande saba kwenye daftari lake, kwa rula kama wewe, na ameandika tarehe kwenye kila kimoja. Anasema alikuwa akibadilisha karatasi kila ilipochanika, ndiyo maana nyumba haikuanguka, na sasa Adoyo amebaki peke yake na hana daftari lenye kurasa. Anataka tumpelekee kabla ya jioni.

Nimempigia Awuor tangu saa sita, simu yake ni mteja, haipatikani. Ya Mativo pia. Imran ametoka Kiamaiko kwenda kuwatazama, nami namngoja. Sundus amevaa viatu, yuko mlangoni na vile vipande saba mkononi, ananiuliza tunaondoka saa ngapi.

Binti yako,
Ummu