Kashata na King'ora cha Saa Saba

Jumatano, 5 Agosti 1998

Joto limetugandama tangu asubuhi. Madirisha yote yako wazi na pazia halitikisiki hata kidogo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, na nimechagua kukaa hapa kwa makusudi, kwa sababu sakafu ndiyo iliyonifundisha jambo leo.

Kwanza nikiri kosa langu. Kwa wiki sita nimekuwa nikimwadhibu mnyama asiye na hatia.

Wanaosoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza hawamjui Kashata. Kashata ni fereti, mnyama mdogo wa kufugwa ndani. Ni mrefu na mwembamba kama nguchiro, mwenye miguu mifupi na uso wa mtu anayetaka kuomba samahani. Rangi yake ni ya kashata za njugu anazopika Mama, isipokuwa mstari mweupe unaoanzia katikati ya macho na kuishia shingoni. Alikuwa wa Bi. Doris, bibi aliyekaa ghorofa ya chini yetu hapa ughaibuni, Columbia Heights, na kutembea kwa fimbo. Mwezi wa Juni Bi. Doris alihamia nyumba ya wazee huko Saint Paul, ambako wanyama hawaruhusiwi kuishi, akaniomba nimtunzie. Aliniambia kwamba Kashata ni msikivu sana. Miaka minne amekuwa akimwita, na hajawahi kukosa kuja.

Kwangu hakuja hata mara moja.

Mambo mengine alijifunza upesi. Trei ya choo aliizoea ndani ya siku chache, nilipogundua kwamba anapenda kona na kwamba ni mimi niliyekuwa nimeiweka mahali pabaya. Alijifunza kuvaa mkanda wa kutembezwa nje. Lakini kuitwa, hapana. Nilimwita kwa jina nililompa na kwa jina lake la zamani. Nilipiga mluzi, nikatikisa kengele ndogo huku nimeshika kipande cha kuku. Alikuwa akinigeuzia mgongo na kuendelea kuburuta soksi ya Baba kuipeleka chini ya kochi.

Baba alisema huenda hana Kiswahili. Mdogo wangu Zuhura, mwenye miaka sita, huelewa kila neno tunalosema lakini hujibu kwa Kiingereza, basi Baba akamtazama yeye, akamtazama Kashata, akasema sasa anao wawili. Tulicheka. Tangu siku hiyo Zuhura ndiye aliyekuwa akimwita, kwa Kiingereza chake safi cha shule. Kashata hakumjali pia.

Kisha akaanza kuniuma. Nilikuwa nikimshika akiwa amelala, naye hugutuka na kunizamishia meno kidoleni. Kitabu nilichoazima maktaba kinasema fereti anayeuma aambiwe "la" kwa sauti kali, kisha afungiwe kizimbani peke yake. Nilifanya hivyo. Nilimwambia "la" kwa sauti kali sana. Naona aibu kuandika sentensi hii.

Wiki iliyopita ndipo mambo yakaharibika. Baba ana kiti cha kukunjuka, kile ukiegemea nyuma miguu inanyanyuliwa. Alirudi kazini amechoka, akaketi, na alipokuwa anataka kuegemea, Mama akaona mkia ukichungulia kati ya vyuma. Tulimwita Kashata sote wanne. Hakutoka. Baba alikaa bila kujitikisa kama mtu anayepigwa picha, mpaka nilipoingiza mkono na kumvuta.

Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Mamangu, kiumbe asiyeitika akiitwa atakufa mikononi mwetu. Dhambi hiyo mimi siiwezi."

Akampigia simu mama mmoja wa Eden Prairie anayefuga fereti wengi. Wakakubaliana kwamba Jumamosi hii atakuja kumchukua.

Kwa hiyo leo zilikuwa zimebaki siku tatu tu. Sikulia. Niliamka mapema nikaanza tena na kengele na kipande cha kuku, nikijua ni bure.

Sasa nifike kwenye saa saba.

Watu wa hapa wanajua kwamba kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, ving'ora vya kimbunga hujaribiwa. Cha mtaani kwetu kiko juu ya mlingoti, ng'ambo ya barabara, sawasawa na dirisha letu. Sisi tumekizoea, lakini kuzoea si kutokisikia. Kilipoanza, Zuhura akaziba masikio na kuingia chini ya meza. Baba, ambaye leo ni siku yake ya mapumziko, aligutuka kwenye kochi na gazeti likaanguka. Vikombe vilikuwa vikilia kabatini.

Kashata alikuwa amelala kwenye kitambaa chake kinachoning'inia, karibu kabisa na dirisha. Mdomo wazi kidogo. Tumbo likipanda na kushuka.

Hakutikisa hata sikio.

Nilimtazama mpaka king'ora kikanyamaza. Nilikwenda jikoni nikachukua vifuniko viwili vya sufuria, nikasimama nyuma yake, nikavigonganisha mara moja. Baba aliniuliza kama nimerukwa na akili. Kashata aliendelea kulala.

Nilikimbilia kitabu. Sura ya rangi za fereti nilikuwa nimeiruka, nikidhani ni ya watu wanaotaka kununua. Humo imeandikwa, kwa mstari mmoja tu, kwamba wenye alama nyeupe kichwani mara nyingi huzaliwa viziwi.

Basi hakuwa mkaidi. Na kuuma kwake ni kuuma kwa mtu aliyelala katika kimya kitupu, ghafla mkono ukamshika kutoka pasipojulikana. Na "la" yangu alikuwa akiiona tu, mdomo wangu ukifunguka na uso wangu ukiwa mbaya.

Nilimweleza Mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mombasa, na bado huuliza kama mwalimu. Akauliza, "Kama hasikii, mbona kila nikitwanga kitunguu thomu anakuja mbio?"

Ni kweli. Mama ana kinu kidogo cha mbao alichokuja nacho sandukuni, na hutwangia sakafuni, ameketi kwenye kigoda. Kila akitwanga, Kashata hutokea popote alipo. Siku zote tulisema ni harufu ya thomu.

Nikamwomba Mama atwange bila kitu ndani.

"Nitwange hewa, mwanangu?"

Lakini aliketi. Kinu kilikuwa kimeoshwa na kuanikwa juani, hakina harufu yoyote. Nyumba hizi ni za mbao, na mchi uliposhuka nilihisi sakafu ikitetema chini ya nyayo zangu. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilisimama mlangoni nikikitazama kile kitambaa kule dirishani.

Kichwa kikainuka.

Aliteremka, akavuka sebule, akampita Baba, akampita Zuhura, akanipita mimi niliyemwita wiki sita. Akaweka miguu yake ya mbele juu ya mguu wa Mama na kutazama juu, kama mtu anayesema nimefika.

Mama aliuacha mchi. "Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo.

Sijui niandike vipi nilichohisi. Kwa wiki sita nilikuwa nikigonga mlango uliozibwa, na kando yake kulikuwa na mwingine, wazi siku zote. Baba alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akamwashiria Mama atwange tena. Alikaa hivyo kwa muda, amefumba macho. Nadhani alikuwa anajaribu kusikia kama anavyosikia Kashata.

Mchana wote tumefanya mazoezi. Nagonga kisigino mara tatu, namwonyesha kipande cha kuku, anakuja. Kufikia alasiri alikuwa anakuja kutoka chumbani. Nimejifunza pia kupuliza pumzi taratibu karibu na pua yake kabla ya kumgusa akiwa amelala, ili harufu yangu ifike kwanza. Leo hajaniuma.

Baba alikuwa akitazama mazoezi yetu. Kisha akavua viatu, akasubiri Kashata aingie chini ya kile kiti chake, akagonga kisigino mara tatu. Pua ikatoka, kisha mstari mweupe, kisha mwili wote, mpaka kwenye vidole vya Baba.

Baba alikwenda kwenye simu, akampigia yule mama wa Eden Prairie, akamwambia kwa Kiingereza cha adabu kwamba asisumbuke kuja, kwa kuwa mnyama ameanza kuitika.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jioni limetokea jambo, na ndilo linalonizuia kuiweka kalamu chini.

Mpangaji mpya aliyeko chini yetu alichoka na visigino vyetu, na ana haki. Akachukua, nadhani, mpini wa ufagio, akagonga dari yake mara tatu. Mama alishika kinywa kwa aibu. Zuhura alicheka.

Kashata alikwenda mbio hadi pale pale palipogongwa. Akabandika pua kwenye zulia. Akangoja.

Tulikumbuka sote kwa pamoja. Chini pale ndipo alipokuwa akiishi Bi. Doris na fimbo yake. Kila alipomwita Kashata alikuwa akimwendea huku ile fimbo ikigonga, tok, tok, tok, sakafuni. Miaka minne Bi. Doris alidhani ni sauti yake inayoitikiwa.

Kashata hakuondoka pale upesi. Nilikwenda kulala kifudifudi kando yake, nikaweka shavu kwenye zulia kama yeye.

Baba amesema Jumamosi, kwa kuwa sasa hatuna mgeni, atanipeleka Saint Paul pamoja na Kashata. Nyumba ile ina baraza la mbao mbele, na wageni wenye wanyama hukaribishwa hapo.

Je, nimwambie Bi. Doris kwamba Kashata hakuwahi kusikia jina lake? Nimejiuliza tangu magharibi. Mama anasema ukweli una namna zake za kuingia ndani ya nyumba.

Nimeamua. Nitamweka Kashata mwisho wa baraza, mbali, ambako hatamwona. Nitamwomba Bi. Doris agonge fimbo yake chini mara tatu bila kufungua mdomo. Ngoja kwanza amwone akija. Nitamwambia akishamshika mikononi.