Yekosofati, Uliyewauliza Wasafiri Walilala Wapi

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Baba Nambozo, na Mbale nzima haijaona mjane aliyelia vizuri kama mimi. Wanaosema nilisinzia katikati ya mahubiri hawakukosea sana.

Asubuhi, ukungu wa Mlima Masaba ukishuka hadi kwenye kahawa yetu, bado nakuona mlangoni na koti lako jeupe la udresa wa hospitali, unauuliza ukungu wenyewe kwa upole: "Ulilala wapi?"

Ndivyo ulivyowauliza wote waliorudi safari na homa. Wenzako walitazama ulimi. Wewe ulitaka kujua kitanda. Aliyelala kando ya ziwa ulimfikiria mbu. Aliyelala chini, kwenye udongo, ulimfikiria papasi, wale kupe wa nyufani wanaouma mtu usingizini. Na mikono yako ilikuwa baridi, laini. Watoto walinyamaza ukiwashika.

Kisha wewe mwenyewe ukarudi kutoka Jinja unachemka, umeegemea bega la mdogo wako Enos. Ukapewa kwinini. Homa ikaondoka, ukaomba matoke, tukacheka. Ikarudi, kali kuliko ya kwanza. Ukawa unaelea tu, unawaita watu waliokufa zamani, na mimi nikaona unawafuata.

"Baba Nambozo, ulilala wapi?"

"Kwa Isabirye, mtaa wa Mpumudde. Kitandani. Sakafu ya saruji."

"Mzee wa kanisa, nikuzike na saruji yako hiyo?"

Ukafumba macho. "Kwa mama wa malwa," ukanong'ona. "Chini. Kwenye udongo."

Wewe, uliyeapa mbele ya kanisa kwamba pombe basi! Nilikimbia hospitali bila viatu. Damu yako ikatazamwa tena, homa ikiwa juu, na kwenye darubini wakaviona vijidudu vya papasi, vimejikunja kama nywele. Ukachomwa sindano, ukatubakia miaka mingine minne. Asante kwa kusema, mume wangu.

Hatutakusahau, leo wala kesho: mimi mkeo Topista, binti yako Nambozo na wajukuu, rafiki yako Isabirye, Gaster, dresa mwenzako, na mdogo wako Enos, aliyesimama kwenye ibada yako ya kumbukumbu Jumapili akaapa kwamba kule Jinja yeye hakuingia kwa yule mama wa malwa kamwe, alikungoja barabarani hadi kukakucha.

"Mzee Enos," Gaster akamwuliza, "na wewe wiki ileile nilikuchoma sindano ya papasi. Walikufuata barabarani?"