Nani Alichimba Kisima

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Miguu ya Mama inaendeleaje? Sisi hapa wazima, ila mtoto ana kikohozi kidogo.

Nimefurahi kusikia umepata kazi ya kuwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya kijiji chetu. Mdomo wako hatimaye umekupa ugali. Lakini mwenzangu wa kazini alikuja kwenye matembezi yenu, akarudi akikusifu. Ati pale nyuma ya kinu cha kusaga nafaka uliwaeleza kwamba kisima ni zawadi ya mwenye kinu kwa wanakijiji. Baba alifukiwa humo akichimba, kwa sababu bwana huyo huyo aliona mbao za kuzuia udongo ni gharama bure. Mbona Baba humtaji?

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Miguu bado inamsumbua Mama, lakini anajikongoja.

Matembezi haya ni ya mjukuu wa mwenye kinu. Kinu chenyewe amekigeuza nyumba ya wageni. Amenipa maneno ya kusema, nami nayasema. Nikianza kufukua maiti mbele ya watu waliokuja kupunga upepo, nitamwaga unga. Wewe uliye mbali ni rahisi kuwa na uchungu. Njoo uishi na Mama, kisha tuongee.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote. Mama nilimtunza kabla hujaota ndevu, kwa hiyo hilo tuliache.

Sikuombi umtukane mtu. Taja jina la Baba pale kisimani, basi. Jirani aliyekuja huku ameniambia kwamba kila Jumamosi Mama anatoa kiti uani kwenu, karibu na kisima, asikilize kama leo utamtaja mumewe. Usipomtaja, anarudi ndani kupika. Unalijua hilo?

Dada yako


11 Juni

Mdogo wangu,

U mzima? Hukunijibu, kwa hiyo Jumamosi nilikuja mwenyewe. Nililipa kiingilio kama wengine, nikasimama nyuma. Uliponiona ulijitia hamnazo. Unasimulia vizuri, sikatai. Tuliposimama pale shuleni hata mimi nilicheka.

Kisimani, Mama alikuwa ameketi ng'ambo ya ua. Nikauliza kwa sauti ili naye asikie: "Samahani, nani alichimba kisima hiki?"

Ukanitazama usoni. "Vibarua tu, mama," ukasema. "Majina yao hayajulikani."

Mimi dada yako umeniita mama, kama mpita njia. Mama akainuka akaingia ndani, kiti akakiacha pale pale. Na wewe umevaa beji kifuani, jina lako, kisha la Baba, kwa herufi kubwa. Wageni wote walikuwa wanalisoma. Nimekuchukia siku ile, na sijui kama itaniisha.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, ila siku hizi hatoki nje.

Ulilosema kuhusu beji ni kweli, haikukaa vizuri. Nimeomba nyingine. Hii imeandikwa Mwongozaji tu.

Mdogo wako